Kijana Aliyekosa Jina la Baba: Ukoo wa Coleridge-Taylor katika Magazeti na Barua za Kale



Mhariri wa jarida letu aliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu, nadhani alitazamia nitaandika juu ya majengo ya shule au orodha ya wakuu wa shule waliopita. Hilo nawaachia wenye kumbukumbu nzuri kuliko yangu. Mimi kazi yangu serikalini ni ya majalada. Nashinda masijala, nasoma barua za watu waliokwisha kufa, na kusema kweli ndiyo kazi niliyoizoea. Kwa hiyo nimeona niwasimulie habari ya ukoo mmoja wa wanamuziki, na jinsi ukoo huo ulivyotafutwa katika magazeti makuukuu, barua na vyeti. Habari yenyewe ilianzia hapa hapa shuleni.

Waliokuwa kwenye kwaya miaka ya tisini wataikumbuka ile kabati ya muziki nyuma ya ukumbi, iliyokuwa na harufu ya panya na karatasi za nota zilizogeuka rangi kuwa za manjano. Mwalimu wetu wa muziki alichomoa humo kitabu kimoja na kutufundisha kipande cha kuimba siku ya zawadi. Kitabu kiliitwa Hiawatha's Wedding Feast. Tulikiimba vibaya, sauti ya pili ikifuata ya kwanza kama ng'ombe wanaokwenda mtoni. Siku moja Mwalimu alisimamisha kuimba akasema, "Vijana, aliyetunga wimbo huu baba yake ni Mwafrika." Tulicheka. Jina lililoandikwa juu ya kitabu lilikuwa Samuel Coleridge-Taylor, na kwa akili zetu za wakati ule hapakuwa na Mwafrika wa jina hilo.

Mimi sikucheka sana. Nilipofika kidato cha kwanza nilipewa fomu ya kujaza, na mahali palipoandikwa "Jina la Baba" niliandika jina la babu, mzazi wa mama yangu. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyelipa karo, na ndiye aliyenifundisha kupuliza tarumbeta la kanisani kwetu. Karani aliniuliza, "Huyu ni baba yako?" Nikajibu, "Ndiye." Wenzangu wa bwenini hawakujua. Leo nina umri wa miaka arobaini na kitu na ninaona haya kidogo kuliko zamani, ndiyo maana naandika.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimemaliza Chuo Kikuu na kuajiriwa, nilipelekwa Uingereza kwa masomo mafupi ya utunzaji wa kumbukumbu. Jumamosi, wenzangu walipokwenda madukani, mimi nilikwenda maktaba. Nilitaka kujua kama Mwalimu alisema kweli.

HADITHI ILIYOANDIKWA KWANZA

Alisema kweli. Samuel Coleridge-Taylor alizaliwa mtaa wa Holborn, London, tarehe 15 Agosti 1875. Mama yake, Alice Hare Martin, alikuwa Mwingereza. Baba yake, Daniel Peter Hughes Taylor, alikuwa Mkrio wa Sierra Leone aliyekuja Uingereza kusomea udaktari. Mji wa Freetown, kama mjuavyo, ulianzishwa mwaka 1792 na watu weusi wapatao 1,200 waliovushwa bahari kutoka Nova Scotia. Wengi wao walikuwa watumwa wa Marekani waliopata uhuru wao kwa kukimbilia upande wa Waingereza wakati wa vita. Hao, pamoja na wengine waliofuata, ndio chimbuko la Wakrio.

Kitabu cha kwanza cha maisha ya mtungaji huyu kilitoka mwaka 1915, miaka mitatu tu baada ya kufa kwake. Aliyekiandika ni W. C. Berwick Sayers, mkutubi wa mji wa Croydon, rafiki wa marehemu. Humo imesimuliwa kwamba daktari Mwafrika alioa, akafanya kazi ya tiba huko Croydon, lakini wagonjwa wakamkimbia kwa sababu ya rangi yake, naye kwa uchungu akarudi Afrika akiwaacha mkewe na mtoto mchanga. Ni hadithi ya kusikitisha na yenye heshima kwa kila mtu. Mume hana kosa, mke hana kosa. Kosa ni la ubaguzi. Vitabu vingine vikaichukua hadithi hiyo na kuirudia kwa miaka mingi.

Mtu wa masijala akiona hadithi iliyonyooka namna hiyo huuliza: jalada liko wapi?

VYETI VINASEMAJE

Wapo waliouliza kabla yangu. Mtafiti Mwingereza Jeffrey Green alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na kitabu chake juu ya mtungaji huyu kilitoka mwaka 2011. Mimi nilifuata nyayo tu. Lakini nimeona ni vema nieleze njia yenyewe, kwa kuwa kila mmoja wetu anaweza kuitumia kwa ukoo wake.

Kwanza lipo daftari la matabibu, lililoanza kuchapishwa Uingereza mwaka 1859. Kila daktari aliyefuzu huandikwa humo jina lake, tarehe na alikofuzu. Taylor alifuzu mwishoni mwa mwaka 1874. Pili ipo habari ya safari yake: kufikia mwezi Februari 1875 alikwisha kurudi Afrika. Tatu kipo cheti cha kuzaliwa cha mtoto, Agosti 1875. Sasa ndugu zangu, hesabu hii haihitaji mtu wa kidato cha sita. Daktari aliondoka Uingereza miezi sita kabla mtoto hajazaliwa. Hakukuwa na ndoa. Hakukuwa na wagonjwa waliomkimbia Croydon, maana hakukaa Croydon kutibu mtu. Watafiti wanaona kwamba yamkini hata habari ya mimba hakuipata.

Halafu kuna sensa. Uingereza huhesabu watu kila baada ya miaka kumi, na karatasi za kila nyumba hufungwa kwa miaka mia moja ndipo hufunguliwa kwa wasomaji. Katika karatasi hizo mtoto anaonekana Croydon, nyumbani kwa Benjamin Holmans, fundi wa kuwavisha farasi viatu vya chuma. Huyu mzee ndiye aliyemlea pamoja na mama yake. Hakuwa tajiri, lakini alikuwa na kitu kimoja nyumbani: fidla. Alimpa mtoto fidla ndogo na kumfundisha alichokijua yeye mwenyewe, kisha akamtafutia mwalimu.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Nilimkumbuka babu akinishikisha tarumbeta, akinipangia vidole kimoja kimoja, huku mikono yake ikinuka tumbaku.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini Sayers aliandika vile. Sidhani alikuwa mwongo. Mwaka 1915 mama wa marehemu, Alice, alikuwa bado hai. Alifariki mwaka 1953. Katika Uingereza ya siku hizo, kuandika kitabuni kwamba mama fulani alizaa bila ndoa ilikuwa ni kumvunjia heshima mbele ya majirani zake. Maoni yangu ni kwamba mwandishi alimsitiri mama. Ni jambo la adabu. Lakini sitara ile ikawa historia, na historia hiyo ikadumu karibu miaka themanini.

MTOTO WA FUNDI ANAINGIA CHUO

Mtoto aliitwa Samuel Coleridge Taylor, kwa jina la mshairi maarufu Samuel Taylor Coleridge. Nyumbani walimwita Coleridge. Kile kistari kati ya Coleridge na Taylor kilikuja baadaye, na kikamfanya aonekane mtu wa ukoo mkubwa. Mwaka 1890, akiwa na miaka kumi na mitano, alikubaliwa katika Chuo cha Kifalme cha Muziki London. Aliyemsaidia kuingia ni Kanali Herbert Walters, mwongozaji wa kwaya ya kanisa moja la Croydon. Aliingia kusomea fidla, akahamia utungaji chini ya mwalimu Charles Stanford.

Hapa ndipo magazeti na barua vinapoanza kuzungumza. Mwaka 1898 Edward Elgar, mtungaji mkubwa wa Uingereza, aliombwa kazi mpya kwa ajili ya tamasha la Gloucester. Hakuwa na nafasi. Akaandika barua kuwashauri wampe kazi hiyo kijana Coleridge-Taylor, akimsifu kuliko vijana wote wa rika lake. Ushauri ukafuatwa. Barua moja tu, ndugu zangu, iliyoandikwa na mtu aliyekwisha fika, kwa ajili ya mtu ambaye hajafika. Sisi tulio maofisini tujiulize tumeandika ngapi za namna hiyo.

Tarehe 11 Novemba mwaka ule ule, Hiawatha's Wedding Feast iliimbwa kwa mara ya kwanza chuoni. Maneno yake yanatokana na utenzi wa Mmarekani Longfellow wa mwaka 1855. Mzee Arthur Sullivan, ambaye alikuwa mgonjwa, alijikokota hadi ukumbini kusikiliza. Magazeti yakasifu. Katika miaka michache kwaya za Uingereza nzima zilikuwa zinauimba.

Lakini mtungaji mwenyewe alikwisha uza haki zake kwa mchapishaji kwa gini 15 tu, basi. Vitabu vikauzwa kwa maelfu na maelfu, hata kimoja kikafika katika kabati ya panya ya shule yetu, naye asipate senti nyingine. Alilazimika kufundisha, kuongoza kwaya, na kuwa mwamuzi wa mashindano huku na huko ili apate riziki ya mke na watoto wawili.

WATU WEUSI WANAMTAFUTA, NAYE ANAWATAFUTA

Kijana huyu hakuwahi kumwona baba yake. Hata hivyo hakukimbia asili yake. Magazeti ya wakati ule yanaonyesha hatua zake moja moja. Mwaka 1897 alifanya kazi pamoja na mshairi Mmarekani mweusi Paul Laurence Dunbar, aliyekuwa amefika London. Frederick Loudin, kiongozi wa waimbaji wa Fisk, alimfungulia mlango wa nyimbo za watumwa wa Marekani. Mwaka 1900 alihudhuria mkutano wa kwanza wa watu wa asili ya Afrika uliofanyika London. Mwaka 1901 watu weusi wa mji wa Washington walianzisha kwaya wakaipa jina lake, na mwaka 1904 wakamwalika. Alikwenda, akaongoza waimbaji wapatao 200, akapokewa na Rais Theodore Roosevelt ikulu. Alirudi Marekani tena mwaka 1906 na 1910.

Tazameni tarehe hiyo ya 1904. Mwaka ule ule ambao mwana alikuwa akishangiliwa Marekani, baba alifariki Gambia, mahali alipokuwa daktari na mchunguzi wa vifo katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Alikuwa mtumishi wa serikali kama mimi. Wawili hao hawakuonana.

Mwaka uliofuata, 1905, Coleridge-Taylor alitoa kitabu cha nyimbo 24 za watu weusi kwa ajili ya piano, na Booker T. Washington akakiandikia utangulizi. Nyimbo nyingi humo ni za Marekani. Lakini chache zinatoka kusini mashariki mwa Afrika, kwa Waronga wa pwani ya Msumbiji, ambazo mmisionari wa Uswisi Henri Junod alikuwa amezikusanya na kuzichapisha mwaka 1897. Mojawapo ni ya mwanamke asiye na mtoto, anayelalamika kwamba hata wa kuazima hapewi. Nilipoona jina la wimbo huo nilishangaa. Mtu aliyekosa baba alichagua kutunga juu ya mtu aliyekosa mtoto. Sijasema alifanya kwa makusudi. Nasema tu kwamba wimbo upo.

Na ipo barua moja ya gazetini ambayo kila mtu akiisoma atamjua. Mapema mwaka 1912 chama kimoja cha mijadala karibu na Croydon kilijadili kile walichokiita tatizo la mtu mweusi, na wasemaji wakasema waliyosema. Coleridge-Taylor, mtu mpole ambaye watu wote humsifu kwa upole wake, alilijibu gazeti la Croydon Guardian kwa maneno makali, akishangaa kwamba watu wazima waliosoma wanaweza kukaa kusikiliza upuuzi wa namna ile. Hakuandika kwa jina la kificho. Aliweka jina lake, katika mji aliokaa, mbele ya watu waliompa kazi.

Tarehe 1 Septemba mwaka huo huo alifariki kwa homa ya mapafu, siku chache baada ya kuanguka katika kituo cha reli cha West Croydon. Alikuwa na miaka 37. Mfalme alimpa mjane, Jessie, posho ya pauni 100 kwa mwaka. Watunzi wa Uingereza walipounda chama cha kukusanya haki zao mwaka 1914, watu wengi walikitaja kisa cha wimbo uliouzwa kwa gini 15 na familia iliyobaki bila urithi.

BINTI NA KARATASI ZAKE

Watoto wote wawili walifuata muziki. Mwana aliitwa Hiawatha, kwa jina la wimbo. Binti, aliyezaliwa mwaka 1903, akajulikana kwa jina la Avril, akawa mtungaji na mwongozaji wa okestra wakati ambapo wanawake hawakupewa kijiti hicho kwa urahisi. Mwaka 1933 aliongoza katika ukumbi wa Royal Albert Hall.

Sasa nifikie jambo lililonifanya niandike makala haya. Mwaka 1952 Avril alikwenda Afrika Kusini kufanya kazi ya muziki. Ngozi yake ilikuwa nyeupe. Siasa ya ubaguzi ilikuwa imeanza miaka minne tu nyuma yake, naye mwanzoni hakuipinga. Alipokewa kama Mzungu na maisha yakaendelea. Kisha serikali ile ikagundua kwamba babu yake alikuwa Mwafrika wa Freetown. Akakatazwa kufanya kazi. Daktari ambaye yeye hakumwona, ambaye hata baba yake hakumwona, alimfikia huko katika karatasi.

Nawaambia ukweli, niliposoma hilo niliona hasira ya namna mbili. Hasira kwa serikali iliyofanya ukoo wa mtu kuwa kosa la jinai. Na hasira kidogo kwa Avril, aliyekuwa tayari kukaa kimya maadam kimya kilimfaa. Halafu nikakumbuka fomu yangu ya kidato cha kwanza, hasira ya pili ikapungua. Na haki itendeke: mwaka 1957 Ghana ilipopata uhuru, Avril alitunga mwendo wa sherehe kwa ajili ya siku hiyo. Mwaka 1979 alitoa kitabu juu ya urithi wa baba yake. Alifariki mwaka 1998.

TUJIFUNZE NINI?

Ningependa kuacha mambo machache kwa wale wanaotaka kutafuta koo zao.

Kwanza, msianze na vitabu; anzeni na vyeti na tarehe. Hadithi ya familia ni mali ya familia, nayo husemwa ili kumlinda mtu fulani. Tafuteni aliyelindwa ni nani. Pili, gazeti dogo la mji mdogo lina faida kuliko gazeti kubwa la taifa. Kubwa huandika mtu anapokuwa maarufu. Dogo huandika kwamba mtoto fulani alipiga fidla katika tafrija ya kanisa na watu wakapiga makofi. Tatu, barua isomwe pamoja na tarehe yake na jina la aliyeandikiwa, maana mtu hasemi na rafiki kama anavyosema na bosi.

Na la mwisho: mkipata ukweli, msimtese nao aliye hai. Sayers alikosea kwa kuandika kisicho kweli, lakini hakukosea kumhurumia mama. Njia ya katikati ipo. Ni kulitunza jalada vizuri na kusubiri.

Mimi nilisubiri. Babu alifariki, kisha mama alipokuwa mtu mzima wa kutosha kuulizwa, nilimwuliza. Aliniambia jina, mji na mwaka. Nikaandika katika daftari. Sijamtafuta mtu huyo na sijui kama nitamtafuta. Lakini mwanangu wa kwanza alipoanza shule na kuleta fomu nyumbani ya habari za ukoo wake, niliijaza yote: jina la babu aliyenilea, na jina la yule mwingine pia. Mtoto akauliza, "Baba, mbona una baba wawili?" Nikamwambia akae, nikamsimulia habari ya fundi wa viatu vya farasi aliyekuwa na fidla.

Ndugu zangu, ile kabati ya nyuma ya ukumbi nimeambiwa bado ipo. Napendekeza kwamba siku ya mkutano wetu tuifungue pamoja kabla mchwa hawajatutangulia. Na mwenye picha za kwaya, programu za siku ya zawadi au barua za Mwalimu wetu wa muziki, ambaye naye sasa ni marehemu, azilete, hata kama ni kipande tu. Aandike nyuma kwa penseli majina ya waliomo na mwaka. Kama hakumbuki jina, aache nafasi wazi, maana atakayekuja baadaye atalijua. Asiandike la kubuni.